Kabla hujanunua leithi, hesabu kazi za mtaani kwako

Leithi ndogo ya mezani, ile mashine ya kukereza chuma inayotangazwa kila uchao kwenye simu kwa vijana wanaotaka kufungua karakana nyumbani, kwa kawaida ina tundu la spindo (mhimili unaozungusha kazi) lenye upana wa milimita 20. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3. Kwa hiyo bomba dogo ambalo mteja wa mtaani anakuletea umkatie nyuzi halipiti katikati ya mashine hiyo. Muuzaji hakutajii hilo. Atakuambia mashine ni mpya, inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, ina kioo kinachoonyesha kasi na inabebwa na watu wawili. Yote ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokuonyesha kama mashine itakulisha.

Swali la leithi ya kwanza huulizwa kichwa chini miguu juu. Kijana amemaliza chuo cha ufundi, amefanya kazi kwenye karakana ya mtu, ameweka akiba au ameahidiwa mkopo na SACCOS, kisha anauliza: leithi gani ni nzuri? Fundi mmoja atamtajia ya Kiingereza, mwingine ya Kichina, wa tatu atamcheka na kumwambia bila mashine ya mita tatu asijiite fundi. Ni nadra kusikia mtu akimuuliza anaishi wapi, na majirani zake huwa wanaharibikiwa na nini. Mimi nashikilia kwamba swali hilo la pili ndilo la kwanza, na kwamba ukilijibu kwa uaminifu, mashine karibu inajichagua yenyewe.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu jambo hili umetoka Uingereza na Marekani, na umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kukereza kwake ni burudani. Chukua Myford ML7, iliyotoka mwaka 1946 na kutengenezwa Beeston, jirani na Nottingham. Kwa miongo kadhaa Mwingereza mwenye kibanda nyuma ya nyumba yake aliiota mashine hiyo. Tundu la spindo lake lilikuwa la milimita 15 hivi, na juu ya kitanda chake hakikuzunguka kitu kilichozidi milimita 178. Wenyewe hawakulalamika sana, maana wengi wao walikuwa wakiunda garimoshi dogo la mvuke, kipande kwa kipande, Jumamosi jioni, na likichelewa hata miaka mitano hapakuwa na wa kuwadai. Ni mashine iliyotengenezwa kwa uadilifu na hadi leo inatafutwa. Ila mahitaji yake ni ya mstaafu mwenye pensheni.

Karakana ya nyumbani ya kwetu ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa uwani, au fremu iliyotazama barabara ya vumbi. Mashine inalipa ada na rejesho la mkopo. Mteja hasubiri Jumamosi jioni. Amesimama mlangoni kwa sababu bajaji yake imelala na hesabu ya bosi inamngoja jioni. Anayenunua leithi kwa maisha hayo huku akifuata ushauri wa mtu wa magarimoshi madogo atajikuta na kifaa kizuri kisicho na kazi.

Basi tuhesabu kazi. Kaa wiki mbili na daftari, uandike kila chuma kinachotoka mtaani kwako kwenda kukerezwa kwingine. Mahali pengi orodha itafanana. Mafundi wa kuchomelea wanataka bawaba za geti na magurudumu yenye mfereji ya geti la kusukuma, na wanayataka kila wiki. Wenye mashine za kusaga wanataka shafti na puli. Bodaboda na bajaji wanataka bushi. Fundi wa pampu za maji ana shafti iliyolika penye sili. Mwenye lori ana pini iliyochakaa. Muuza juisi ya miwa ana mashine inayopiga kelele.

Hiyo ya miwa nitaitazama kwa karibu, kwa sababu inafundisha mengi. Mashine ya kukamua miwa ina silinda nzito za chuma zinazozunguka zikikabana. Ncha za silinda hukaa ndani ya beringi. Maji ya miwa yakiingia na grisi ikaisha, beringi hukwama na shafti huanza kuzunguka ndani yake, ikijisaga yenyewe. Fundi wa kuchomelea hujaza chuma pale palipolika, halafu silinda inaletwa kwako ikiwa na mabonde na vilima vya weldi ngumu kuliko chuma chenyewe. Kazi yako ni kuirudisha kwenye kipimo. Kama beringi ni namba 6206, tundu lake ni milimita 30 kamili. Ukiacha shafti nene kupita kiasi, beringi haiingii bila kuumia. Ukiikata ikapungua kwa sehemu tano za mia za milimita, itaanza kuzunguka upya na mteja atarudi mwezi ujao akiwa na maneno.

Kazi hiyo moja inaomba vitu vinne kwa mpigo. Inaomba mashine nzito, kwa sababu kisu kinapogonga vilima vya weldi, mashine nyepesi hutetemeka na kuacha uso wenye mawimbi. Inaomba urefu wa kutosha kuilaza silinda kati ya vichwa viwili. Inaomba usahihi wa mia za milimita. Na inaomba kasi ndogo yenye nguvu.

Hapo kwenye kasi ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa na matangazo. Kibao kinajisifu mizunguko 2,500 kwa dakika, na mnunuzi anavutiwa. Fanya hesabu mwenyewe. Chuma cha kawaida kikikatwa kwa kisu cha haispidi huvumilia mwendo wa kama mita 30 kwa dakika. Silinda ya milimita 100 kwa mwendo huo inazunguka mara 95 hivi kwa dakika. Puli ya chuma cha kusubu ya milimita 250, kwa mita 20, ni mizunguko 25 tu. Leithi za zamani zilipata kasi hizo kwa gia za kupunguzia mwendo, ambazo huongeza nguvu kadiri zinavyopunguza kasi. Leithi ndogo za mezani nyingi hupunguza kasi kwa umeme peke yake. Mota ikizunguka taratibu inakosa nguvu, unaisukuma, inapata joto, na siku moja kadi ya umeme inaungua. Unapolinganisha mashine, anza na kasi ya chini kabisa na uulize inapatikana kwa gia au kwa kitufe.

Sijasema kwamba leithi ndogo ni takataka. Fundi wa cherehani, fundi saa, mwalimu anayetaka wanafunzi waone chuma kikikatwa, mtu anayetengeneza vifaa vidogo vya shaba: hao wote itawafaa, na wakiipata wasisite. Wapo pia wanaosema inafaa kujifunzia. Kujifunza nini, ndilo swali. Itakufundisha kusubiri na kukata kidogo kidogo, jambo ambalo lina thamani. Lakini rejesho la mkopo halisubiri somo liishe.

Kishawishi cha pili kimekaa upande wa pili wa mizani, na kinawapata hasa wale wenye tamaa ya kuonekana. Mnadani kumesimama leithi kubwa ya kiwandani, kitanda cha mita mbili au tatu, na bei yake inashangaza kwa udogo. Ni rahisi kwa sababu walioweza kuibeba wamekwisha kuondoka. Chukua Mchina maarufu C6140. Namba zake zinasomeka: tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa kumi unapata kipenyo kinachozunguka juu ya kitanda, yaani milimita 400, na C6132 ni milimita 320. C6140 ina uzito unaokaribia tani mbili na mota ya kilowati 7.5. Hiyo inahitaji umeme wa fezi tatu, sakafu ya zege ya maana, na gari lenye winchi la kuileta. Ukishaifikisha, itakaa siku nzima ikikereza bushi za bodaboda zenye ukubwa wa kidole gumba. Rahisi ghali.

Hukumu yangu kwa mtu wa karakana ya nyumbani ni mashine ya kati. Kipenyo juu ya kitanda kati ya milimita 250 na 330. Urefu kati ya vichwa kuanzia milimita 500, usizidi mita moja bila sababu. Tundu la spindo lisipungue milimita 38, maana bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7 na litapita bila shida. La inchi moja na nusu lina milimita 48.3, nalo linataka tundu la 52, ukilipata ushukuru. Mota ya kilowati moja hadi mbili na kidogo. Uzito kuanzia kilo mia mbili na kwenda juu, na hapa usiogope uzito, kwa kuwa chuma cha kusubu kilicho chini ya kazi yako ndicho kinachomeza mtetemo. Kama kitanda kina kipande kinachoondolewa ili kuacha pengo karibu na chaki, yaani kichwa chenye taya zinazoshika kazi, ni bora zaidi: siku puli kubwa itakapokuja utafungua pengo badala ya kuikataa kazi.

Dramu za breki za malori, ambazo nyingi huzidi milimita 400, waachie wenye mashine zao. Fundi anayenunua leithi yake ya kwanza akiwa na dramu ya lori kichwani ananunua mashine ya mtu mwingine.

Mpya au iliyotumika? Mimi naegemea iliyotumika, kwa sharti kwamba unajua kuikagua au unaye fundi mzee wa kwenda naye. Mashine za Uingereza kama Colchester na Harrison ziliingia Afrika Mashariki kupitia vyuo, reli, migodi na viwanda, na iliyotunzwa bado ina maisha marefu. Za Kihindi kutoka Rajkot na Batala, zile zenye puli ya ngazi na mikanda, zimejaa kwenye karakana zetu. Wapo wanaozidharau kwa sababu hazina giaboksi ya kubadili kwa mkono mmoja na umaliziaji wake hutofautiana mashine na mashine. Dharau hiyo naiona haina msingi kwa mtu anayeanza. Hazifichi kitu. Mkanda ukikatika unauona, gia ikivunjika jino unaichonga nyingine, na fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, ameshazifungua. Mpya ya Kichina ya ukubwa wa kati nayo ni chaguo halali kwa mwenye fedha, lakini kabla ya kuilipia uliza kama mwagizaji ana vipuri hapa nchini au ana kitabu cha picha tu.

Sasa ukaguzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha zinapopotelea. Rangi mpya isikufurahishe. Rangi ya kijani iliyopigwa juu ya mafuta na vumbi ni ishara kwamba kuna mtu ametaka usitazame. Anza na kitanda. Leithi huchakaa zaidi sehemu ya karibu na chaki, kwa sababu hapo ndipo kazi fupi zote zinapofanyikia. Upande wa mwisho hubaki kama ulivyotoka kiwandani. Sogeza kigari kinachobeba kisu hadi karibu na chaki, kaza skrubu zake za marekebisho mpaka kiende kwa ulaini bila kulegea. Kisha kizungushe polepole kwenda upande wa mwisho. Kikizidi kuwa kizito na kukwama kabla hakijafika, kitanda kimelika karibu na chaki, na kukirudisha kunahitaji mashine ya kusaga kitanda ambayo huna na hutaimudu. Kikilainika safari nzima, mashine ina heshima yake.

Tazama pia makovu. Mikato na mashimo juu ya kitanda chini ya chaki yanasimulia kuhusu mtu aliyekuwa akiangusha chaki na kupitisha kisu pasipofaa. Aliyefanya hivyo kwenye kitanda hakuitilia mafuta spindo.

Halafu washa. Mashine isiyowaka usiinunue kwa bei ya mashine. Inunue kwa bei ya chuma, au iache. Pitia kasi zote moja moja na usikilize. Mlio wa tak, tak, tak unaorudi kwa mpangilio ni jino la gia lililovunjika. Zima, fungia kwenye chaki kipande cha chuma kinene, weka geji ya saa juu yake na uinue kwa gongo la mbao kwa nguvu ya kawaida. Mshale ukiruka sana, beringi za spindo zina plei. Wakati mwingine hukazwa zikapona, wakati mwingine hubadilishwa, na beringi za spindo si zile za dukani mtaani.

Jaribio la mwisho ni la kukata. Nenda na kipande chako mwenyewe cha chuma cha mviringo cha milimita 30. Kifunge kwenye chaki kitokeze milimita 100 hivi, bila kukishikilia kwa kichwa cha nyuma, ukate kwa mkato mwembamba na mwendo wa kujiendesha, kisha pima ncha zote mbili kwa maikromita. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita unaweza kuishi nayo. Ikizidi hapo, usikimbilie kuilaani mashine, kwani leithi iliyosimama kombo sakafuni hujipinda na kukata kama karoti hata ikiwa nzima. Itie kabari chini ya miguu, uisawazishe kwa pimamaji, urudie. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, amekujibu.

Kuna kitu kidogo kinachosahaulika kuliko vyote, nacho ni boksi la gia za kubadilishia. Leithi isiyo na giaboksi kamili ya nyuzi hukata nyuzi kwa kupanga gia pembeni ya kichwa, na gia hizo hukaa kwenye boksi ambalo hupotea mara ya kwanza mashine inapohamishwa. Kwetu suala hili ni zito kuliko kwingine, kwa kuwa tunaishi na vipimo viwili. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ni milimita 12 zenye hatua ya milimita moja na nusu. Bomba la maji la nusu inchi lina nyuzi 14 kwa inchi, za pembe ya digrii 55 aliyoiweka Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, wakati nyuzi za kimetriki ni digrii 60. Karakana isiyoweza yote mawili inafukuza nusu ya wateja.

Mashine ya Kiingereza ya zamani yenye skrubu kuu ya inchi inaweza kukata nyuzi za milimita, mradi uwe na gia ya meno 127. Namba hiyo haikutoka hewani: inchi moja ni milimita 25.4, na inchi tano ni milimita 127 kamili, na 127 haigawanyiki zaidi, kwa hiyo lazima gia yenyewe iwe na meno hayo. Wengine hutumia gia ya meno 63 ikakaribia vya kutosha kwa nati fupi. Uliza gia hiyo kabla ya kukubaliana bei. Kama ipo, itaje kwa utulivu na usionyeshe furaha. Kama haipo, punguza bei, kisha tafuta wa kukuchongea. Na ukumbuke kwamba ukikata nyuzi za milimita kwa skrubu ya inchi, usifungue nati ya skrubu kuu hadi kazi iishe; rudisha mashine nyuma ikiwa imeshika, la sivyo kisu hakitarudi kwenye njia yake.

Kuhusu umeme nitapita haraka. Nyumba nyingi zina fezi moja, na leithi nyingi za kati zilizotumika zina mota ya fezi tatu. Kuomba fezi tatu ni safari ya fedha na subira. Njia iliyopo ni inveta, kile kiboksi kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu. Kwa mota isiyozidi kilowati 2.2 kinafanya kazi vizuri na kinakupa na uhuru wa kubadili kasi. Ila soma kibao cha mota kwanza. Kikiandikwa 220/380 au 230/400, fundi umeme anaweza kuiunganisha kwa delta ikakubali. Kikiandikwa 400/690, haitapata volti inayostahili, na hapo ni heri kubadilisha mota. Na usitegemee kasi ya inveta pekee kwa kazi ngumu. Gia za kupunguzia mwendo bado unazihitaji.

Sasa fedha. Usimalize zote kwenye mashine. Mtu anayetoa shilingi ya mwisho kulipia leithi huanza biashara akiazima venia. Tenga theluthi ya ulichonacho kwa vinavyoizunguka. Chaki ya taya nne zinazokazwa moja moja ndiyo ya kutangulia, kwa sababu chaki ya taya tatu hushika haraka lakini iliyotumika huweza kuyumba kwa sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi, na ile silinda ya miwa haitakusamehe. Kwa taya nne na geji ya saa unailenga kazi hadi sehemu moja ya mia ya milimita, ukiwa na subira. Neno hilo la subira nalimaanisha: mwanzoni utatumia nusu saa, baada ya muda dakika mbili. Nyingine ni senta inayozunguka, kibanio cha keekee, maikromita moja nzuri, na jiwe la kunolea la mezani.

Visu vya kabaidi vya kubadilisha ncha vinapendeza, na siku moja utavihitaji kwa ile weldi ngumu. Kwa kuanzia nunua vipande vya haispidi na ujifunze kuvinoa. Anayenoa kisu chake mwenyewe anaweza kukata umbo lolote analoletewa, wakati anayetegemea ncha za dukani anakata maumbo ya dukani. Kibanio cha visu cha kubadilisha haraka nacho kinaweza kusubiri. Mafundi wetu huweka vipande vya misumeno ya chuma iliyovunjika chini ya kisu mpaka ncha yake ifike usawa wa katikati ya kazi. Namna ya kupima ni nyepesi: shika rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Ikiinamia upande wako kwa juu, kisu kiko chini. Ikilalia upande wa pili, kiko juu.

Kwa kuwa ni nyumbani, kuna jambo ambalo karakana ya kiwandani hailijui: watoto. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kwa sekunde moja, kwani mashine ikiwashwa unaruka kama risasi. Weka swichi kuu inayofungwa kwa kufuli, juu, mbali na mkono wa mtoto. Hakuna glavu mbele ya chaki inayozunguka, hakuna shati la mikono mirefu, hakuna kanga wala kamba ya kitambulisho shingoni. Chipsi za chuma zinazotoka zimejikunja kama utepe hukata kama wembe. Zitolewe kwa ndoano, usizishike kwa vidole, na uwani pasitembee mtu peku.

Wapo watakaoniuliza kama kuna haja ya kununua kabisa, na swali ni la haki. Kama daftari lako la wiki mbili lina bushi tatu na pini moja, peleka kazi hizo kwa fundi wa Gerezani, mlipe, na akiba yako inunue mashine ya kuchomelea. Leithi isiyo na kazi hushika kutu, na mtu wa pwani anajua chumvi ya hewani inavyokula chuma kilichokosa mafuta.

Lakini kama daftari limejaa, tatizo linalobaki ni upatikanaji wa mashine nzuri ya kati, na hapo nina neno na wakubwa. Tanzania iliwahi kukusudia kujitengenezea mashine za karakana. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai kilijengwa kwa teknolojia ya Bulgaria kwa kazi hiyo hiyo. Simtegemei yeyote aniletee leithi ya Hai kesho asubuhi. Naomba jambo dogo zaidi, linalowezekana mwaka huu. Vyuo, viwanda, mashirika na halmashauri zenye leithi ambazo hazitumiki, zikiamua kuziuza, ziache kuziunganisha kwenye fungu moja na magari mabovu na vitanda vya chuma, fungu ambalo mtu wa vyuma chakavu pekee ndiye mwenye uwezo wa kulilipia. Kila mashine itangazwe peke yake, ikiwa na chaki zake na boksi lake la gia. Iunganishwe umeme siku ya ukaguzi, na mnunuzi aruhusiwe kukata kipande chake cha chuma kabla ya kutaja bei. Kijana wa uwani ataipa bei inayozidi ya kilo, na mashine itarudi kazini.